Vificho Kando ya Reli

Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Kitale hadi Bungoma utapata kilomita 70 hivi. Matatu huufuata mwelekeo huo kwa kadiri barabara inavyoruhusu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha Bungoma. Reli haikuwahi kuwa na haraka hiyo. Garimoshi lililotoka Kitale lilianza kwa kushuka kusini-mashariki, likauvuka Mto Nzoia upande wa Moi's Bridge, likaenda kuungana na njia kuu pale Leseru. Hapo ndipo lilipogeuza uso magharibi, likapita Turbo na Lugari, likauvuka Nzoia ule ule kwa mara ya pili kabla ya kuingia Webuye, na hatimaye Bungoma. Mzunguko wote huo ni takriban mara mbili ya mstari ulionyooka.

Kwa mwenye magunia ya mahindi ya kusafirisha, mzunguko ni gharama. Kwa anayependa kutembea kwa miguu ni neema, maana kandokando ya njia hiyo historia ya magharibi mwa Kenya imelala wazi: mashamba ya walowezi yaliyogawanywa, kiwanda cha karatasi kilichowahi kunyamaza, maporomoko ya maji, kilima chenye kumbukumbu ya vita. Na upo mchezo unaompa mtu sababu ya kushuka kwenye matatu akaviangalia vitu hivyo. Unaitwa jiokashingi. Ni usakaji wa vitu ambavyo mtu mwingine ameviweka mahali makusudi ili vitafutwe, na mwongozo wake ni namba za latitudo na longitudo zinazosomwa kwenye simu.

Unachezwa hivi. Mtu huchukua kopo lisilopenyeza maji, akatia ndani daftari dogo, na pengine vikorokoro vya kubadilishana: beji, sarafu ya nchi ya mbali, kigari cha kuchezea. Hulificha chini ya jiwe au kwenye uwazi wa mti, akazisoma namba za mahali pale na kuzipeleka kwenye orodha ya mchezo, ambako mkaguzi wa kujitolea hukihakiki kificho kabla hakijatangazwa. Kuanzia hapo, yeyote mwenye simu anaweza kuja kukitafuta. Akikipata, huandika jina lake la mchezo na tarehe daftarini, akakirudisha palepale. Akichukua kitu, huacha kingine cha thamani ile ile au zaidi. Chakula hakiwekwi, kwa kuwa wanyama wana pua. Pombe, dawa za kulevya na silaha ni mwiko. Kopo halizikwi ardhini, kwa hiyo anayeonekana akichimba kwa jembe si mchezaji, ni mtu mwingine mwenye shughuli nyingine.

Kila kificho hupewa alama mbili kati ya moja na tano. Ya kwanza inapima ugumu wa kukigundua, ya pili ugumu wa kukifikia. Kificho chenye moja pande zote mbili ni cha mtoto na bibi yake. Chenye tano upande wa kukifikia huenda kikahitaji kamba au mtumbwi.

Mwanzo wa mchezo una tarehe kamili. Mfumo wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani na huendeshwa na jeshi lake, ambalo hadi mwaka 2000 lilikuwa likiyumbisha makusudi ishara zilizowafikia raia, hata kifaa cha mkononi kikaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei mwaka huo Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uyumbishaji huo unakoma, na ilipotimia saa sita usiku kwa saa za Washington, kosa likashuka chini ya mita 20. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, aliacha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akazitangaza namba zake kwenye intaneti. Ndani mlikuwa na vitabu, programu za kompyuta, pesa kidogo, manati na kopo la maharagwe. (Maharagwe hayo yalivunja sheria ya chakula kabla sheria yenyewe haijatungwa.) Mike Teague, kutoka jimbo jirani la Washington, ndiye aliyeipata ndoo hiyo kwanza. Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish alifungua tovuti ya mchezo ikiwa na vificho 75 tu.

Leo vimezidi milioni tatu, na hata Antaktika vipo. Mwaka 2008 msafiri wa anga Richard Garriott alifika na kibati cha mchezo huu, chenye namba yake maalumu, hadi kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Waingereza nao husema hakuna jipya: tangu 1854 waendao kwa miguu katika nyika ya Dartmoor walikuwa wakiacha kadi zao ndani ya chupa iliyowekwa pale Cranmere Pool na kiongozi wa watalii, James Perrott. Hata mapenzi ya reli yameingia mchezoni. Uingereza ina mfululizo mzima wa vificho vilivyowekwa karibu na stesheni za treni, kimoja hapa, kingine kule, na wapo wanaopanga likizo zao kwa kuvifuata. Kenya nayo imo kwenye ramani ya mchezo, ila vificho vyake ni vichache mno ukiilinganisha na Uingereza au Ujerumani.

Uchache huo hautokani na ugumu wa hesabu. Kwa hesabu, mtu wa Kitale ana bahati ambayo mtu wa Oregon hana. Kila aliyefanya mtihani wa Jiografia wa kidato cha nne anaikumbuka ile ramani ya 1:50,000 na maswali yake ya kutaja mahali kwa namba. Jiokashingi ni somo hilo hilo, ila hapa unaondoka kitini. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85 popote duniani. Dakika ya longitudo inabadilika: Oregon, mbali kaskazini, imesinyaa hadi kilomita 1.3 hivi, kwa sababu mistari hiyo inasogeleana kuelekea ncha ya dunia. Kitale iko nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta, Bungoma nusu nyuzi na kidogo, kwa hiyo huku dakika zote mbili zinakaribia kulingana. Namba ya mwisho kwenye simu, sehemu ya elfu ya dakika, ni kama mita mbili, uende kaskazini au mashariki. Mtu anaweza kupiga hesabu hiyo kichwani huku anatembea, akijua amebakiza hatua ngapi.

Simu yenyewe hufanya kazi kwa kusikiliza. Setilaiti za GPS, zipatazo thelathini, huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutangaza saa kutoka kwenye saa yake ya atomu. Simu hupima jinsi kila tangazo lilivyochelewa kufika, na kwa setilaiti nne hupata jibu: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa ya simu ambayo si ya kuaminika. Kwa kuwa inasikiliza tu bila kujibu, GPS haili bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani, nayo inaweza kupakuliwa mapema ukiwa mjini. Katikati ya shamba la mahindi ishara huingia vizuri hata mahindi yakimpita mtu kimo. Chini ya mikaratusi mizito na kando ya miamba mirefu ndiko namba zinakoanza kuyumba, simu ikakupeleka mita kumi huku, mara mita kumi kule.

Trans Nzoia ina kito kimoja katika mchezo wa namba, tena kisicho na kopo. Kitale imekaa karibu kabisa na mstari wa longitudo ya 35 Mashariki, na takriban kilomita mbili kusini mwa katikati ya mji mstari huo unakutana na latitudo ya 1 Kaskazini. Ni mahali ambapo namba zote za dakika zinakuwa sufuri: 1°00.000′ Kaskazini, 35°00.000′ Mashariki. Tangu 1996 kuna mradi ulioanzishwa na Mmarekani Alex Jarrett wa kuzitembelea na kuzipiga picha sehemu kama hizo kote duniani. Hakuna mnara wala jiwe la alama linalotakiwa. Raha ni kuiona simu ikijaa sufuri, huku mwenye shamba akikuangalia kwa mshangao. Atakuangalia kweli, na hilo lina uzito wake.

Kabla ya kulifikia hilo, neno juu ya reli yenyewe. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaziacha nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia kaskazini bila kipande cha chuma. Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 walipanda na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na mji waliozoea kuuita kwa namba ya shamba lake, 64, ndio uliokuja kuwa Eldoret. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia askari wa Kiingereza waliostaafu mashamba makubwa, Trans Nzoia ikiwemo, na kelele za kutaka reli zikapanda. Njia mpya ilianzia Nakuru, ikapanda hadi Timboroa, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,700 na mojawapo ya stesheni za juu kabisa katika dola nzima ya Uingereza. Ikafika Eldoret 1924, ikavuka kuingia Uganda, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Tawi la Leseru hadi Kitale, kilomita 65 hivi, lilifunguliwa 1926.

Ni vigumu kuiangalia ramani hiyo bila kuona reli ilikuwa ikimfuata nani. Kitale, palipokuwa na mlowezi na mahindi yake, palipewa tawi zima. Bungoma, nchi ya Wabukusu, ilipata stesheni kwa sababu ilikuwa njiani kwenda Uganda. Vijana wa Bungoma walikwenda Trans Nzoia kufanya kazi kwenye ardhi wasiyoruhusiwa kuimiliki, na watu hao hao waliokwenda na kurudi ndio waliolieneza vuguvugu la Elijah Masinde, Dini ya Msambwa, lililopigwa marufuku mwaka 1948. Anayetafuta kopo kando ya njia hii anatembea juu ya mpaka huo wa zamani, hata kama hakuna kibao kinachomwambia.

Baadaye reli ikapita mikono mingi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua chake. Mwaka 2006 njia ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba ukakatwa. Tawi la Kitale lilikaa miaka mingi limelala, nyasi zikaota katikati ya mataruma, kabla Shirika la Reli kuanza kazi ya kulifufua. Njia kuu ya Webuye na Bungoma haikufa: treni za mizigo bado huipita zikielekea Malaba na Uganda. Hazisimami kupakia abiria, na mpita njia hana ratiba ya kumwambia inayofuata inakuja saa ngapi.

Kwa hiyo kutembea kando ya reli si kutembea juu ya reli. Sheria ya Kenya inahesabu kuingia kwenye njia ya reli bila ruhusa kuwa ni kosa, na ardhi iliyo pande mbili za tuta ni ya shirika pia. Waendeshaji wa mchezo nao hawana mzaha hapo: Marekani wamekuwa wakitumia kipimo cha mita 46 kutoka reli inayotumika, na kificho kilicho karibu zaidi hukataliwa. Daraja la reli juu ya Nzoia, hata liwe na sura nzuri kiasi gani, si mahali pa kopo. Njia ya mchezaji ni barabara ya kijiji inayokwenda sambamba na tuta, na pa kuvukia ni kivukio cha barabara.

Sasa turudi kwa yule mwenye shamba. Mchezo huu ulizaliwa mahali penye misitu isiyo na watu, na ustadi wake mkubwa huko ni kutoonekana. Jaribu kutoonekana Bungoma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti hiyo na 990,341 Trans Nzoia. Hakuna jiwe lisilojulikana na mtoto anayechunga, hakuna uwazi wa mti ambao hajautia mkono. Mgeni akipita mara ya pili mbele ya boma lile lile akiwa ameinamia simu, habari zake zimeshafika kwa mwendesha bodaboda kwenye njia panda, na kutoka hapo kwa mzee wa Nyumba Kumi.

Reli inaongeza shaka. Kwa miaka mingi vipande vya reli na mataruma ya chuma vimekuwa viking'olewa na kuuzwa kama vyuma kuukuu. Wizi wa vyuma vya umma ulizidi hata Januari 2022 serikali ikaisimamisha kabisa biashara ya vyuma hivyo kwa miezi kadhaa. Mtu anayezungukazunguka karibu na mataruma akiangalia chini ataonekana mwizi wa vyuma muda mrefu kabla hajaonekana mtalii. Halafu kuna hofu nyingine, nzito zaidi. Tangu mlipuko wa Agosti 1998 jijini Nairobi, Mkenya amefundishwa kutoa taarifa akiona kifurushi kisicho na mwenyewe. Uingereza kwenyewe, mwaka 2011, kopo la mchezo huu lililowekwa katika mji wa Wetherby liliripotiwa kuwa bomu, barabara ikafungwa na wanajeshi wakaja kulilipua. Kopo la plastiki lililofungwa vizuri na kuchomekwa kando ya reli ya Malaba lingeamsha nini? Hilo halihitaji majaribio.

Na hata likiponea polisi, litaponea wapi kwingine? La bati litakwenda na mnunuzi wa vyuma. La plastiki lenye mfuniko mzuri litakuwa chombo cha chumvi jikoni mwa mtu kabla ya Jumapili, na ni haki ya mwenye jiko. Kitu kilichotupwa porini kina mwenyewe gani?

Ndiyo maana jiokashingi ya kunakiliwa kutoka Oregon haifai hapa. Inayofaa ni ile inayoanza kwa salamu. Mulembe, mzee, habari ya nyumbani. Mchezaji anajitambulisha kwa mwenye boma na kwa naibu wa chifu, anaeleza kopo ni la nini, anaonyesha daftari, anaandika juu ya kopo kwa Kiswahili kikubwa kwamba huu ni mchezo na namba ya simu ya mwenye kopo ni hii. Kanuni za mchezo zenyewe zinadai ruhusa ya mwenye ardhi, ila Ulaya wengi huichukulia kama karatasi ya ofisi. Huku ruhusa ndiyo mlinzi. Kopo lililo kwenye ua wa mtu aliyekubali, tena watoto wa boma wakijua siri yake, lina maisha marefu kuliko lililofichwa kwa ustadi wa ajabu. Wapo watakaosema utamu wa siri umepotea. Umehama tu: mgeni bado hajui liko wapi.

Kuna mtego mdogo hapa. Wazo la kwanza la kila mtu ni kumwachia kopo mwenye kioski, naye atalitunza vizuri. Kanuni zinakataa: kificho hakitakiwi kumlazimisha mtu aingie dukani, azungumze na muuzaji au anunue kitu. Ua wa nyumba, sawa. Kaunta ya soda, hapana.

Njia nyingine ni kufanya hatua nyingi zisiwe na kopo kabisa. Aina moja ya kificho humpitisha mchezaji sehemu tatu au nne, na kila sehemu kuna jambo la kusoma au kuhesabu linalompa tarakimu. Tarakimu zikikamilika ndipo apate namba za kopo lenyewe. Reli ilijaa tarakimu. Vibao vya stesheni zake vilizoea kuandikwa kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, na kibao cha namna hiyo, kikiwa bado kinasomeka kutoka upande wa barabara, ni swali lililokwisha kutungwa. Mji wa Kitale wenyewe unaweza kutoa mengine. Mwaka Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilipoanzishwa hapo ni 1956. Mahindi chotara ya kwanza yaliyozalishwa Kitale na kupelekwa kwa wakulima, 1964, yalipewa namba 611. Mkulima yeyote mwenye umri atakujibu hilo la pili bila kufikiri, na hapo mgeni atakuwa amelazimika kuzungumza na mkulima.

Makumbusho ya Kitale yanastahili hatua nzima. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa akikusanya wadudu, ndege na vitabu tangu 1894, aliyaanzisha kama makumbusho yake binafsi mwaka 1926, mwaka ule ule treni ilipoingia mjini. Alipofariki 1966 aliacha mkusanyiko wake kwa taifa, na jengo jipya lilifunguliwa 1974, makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya. Nyuma yake kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya miguu. Ni mahali penye ua, mlinzi na watu waliozoea wageni wanaoangaza macho huku na huku, yaani mahali ambapo kopo halisi lingeweza kukaa kwa ruhusa bila kumtisha mtu. Kaskazini zaidi, nje kidogo ya barabara ya Kapenguria, Saiwa Swamp ni mbuga ya taifa yenye kilomita za mraba tatu hivi, ndogo kuliko zote nchini, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa vinamasi. Hutembelewa kwa miguu tu. Kopo ndani ya mbuga ni jambo la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kuamua, lakini swali linalojibiwa kutoka kwenye jukwaa la kutazamia wanyama halimsumbui nzohe.

Upande wa Bungoma, Webuye ndiyo penye utajiri. Treni za zamani zilisimama hapo stesheni ikiitwa Broderick Falls. Maporomoko ya Nabuyole yako karibu na mji, Nzoia ikimwagika juu ya miamba na kutoa ngurumo inayosikika kabla hujayaona. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichokuwa tegemeo la mji tangu miaka ya sabini, kilifungwa 2009, na jaribio la kukifufua likaja baada ya kuuzwa 2016. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijihami ndani ya ngome yao mwaka 1895 dhidi ya kikosi kilichotumwa na Waingereza. Ngome ile si mahali pa kuchomeka makopo wala kupindua mawe. Ni mahali pa kwenda na mtu wa hapo, asimulie.

Kwa maporomoko kama ya Nabuyole mchezo una jibu lililotengenezwa tayari: kificho cha ardhi. Kilianza 2004, cha kwanza kikiwa Australia, kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Hakina kopo wala daftari. Mwenye kificho huandika maelezo mafupi ya sayansi ya mahali, kisha huuliza maswali ambayo hayajibiki bila kufika: mwamba una rangi gani pale maji yanapoupiga, nyufa zake zinaelekea wapi, mashimo ya mviringo yaliyochimbwa na mawe yanayozungushwa na mkondo yana upana gani. Mgeni humtumia majibu. Mtu wa Webuye aliyesoma jiografia vizuri ana kila kitu cha kuandika kificho cha namna hiyo kwa ajili ya Nabuyole, na mwenzake wa Endebess kwa ajili ya Mlima Elgon, volkano iliyozimika ambayo kilele chake, mita 4,321, kiko upande wa Uganda.

Lakini ni lazima awe mtu wa hapo. Kanuni haziwapendi wageni wanaoacha kopo likizoni na kupanda ndege, kwa kuwa kopo linahitaji mtu wa kulikagua. Ndiyo maana Kitale na Bungoma hazitajaziwa ramani na watalii. Watakaoijaza, kama itajazwa, ni walimu wa jiografia, maskauti, vijana wa vyama vya mazingira, na wale wastaafu wa reli ambao bado wanaweza kutaja stesheni zote kutoka Leseru bila kuruka hata moja. Kwa vijana hao matembezi ya nusu siku, Kitale hadi penye sufuri zote na kurudi kupitia makumbusho, hayadai nauli.

Majira yana neno lake. Desemba hadi Februari njia ni kavu, mahindi yameshavunwa na macho yanafika mbali, hadi Elgon siku isiyo na ukungu. Kuanzia Machi mvua inarudi, na huku hupenda kunyesha alasiri, basi safari inaanza asubuhi. Julai na Agosti mahindi yamesimama kama kuta pande zote mbili, kivuli ni kizuri, ila njia zinateleza na mtu haoni anakokwenda. Msimu huo ndio unaoyaua makopo. Mfuniko usiofunga sawasawa huingiza unyevu, daftari hufura, wino huchuruzika hadi majina ya waliotangulia yakawa madoa ya buluu. Waliozoea mchezo huweka penseli badala ya kalamu ya wino, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufungwa. Mwenye kopo hupita kila mvua zinapoanza, na tena zinapopungua mwezi wa kumi, akiwa na daftari jipya mfukoni.